Wifi, Zabibu Haisubiri

Wifi yangu mpendwa,

Barua hii imekuja pamoja na kreti la zabibu. Anza na zabibu, barua haiozi. Zioshe unazokula tu, zile nyingine usizitie maji mpaka zamu yake ifike. Ukikuta vichala vya chini vimepondeka usinilaumu mimi, mlaumu kijana wa buti la basi, nilimwambia asiweke kitu juu akaniitikia "sawa dada" huku anapandisha gunia la karanga. Hizo ni Makutupora nyekundu: ndogo, zina mbegu, ngozi yake ngumu kidogo. Usizilinganishe na zile za supamaketi zilizopanda ndege. Hizi kazi yake ni divai, na kuliwa mezani ni ziada.

Haya, nakusalimu Kigogo: mbukwenyi! Watoto hawajambo? Mume wako naye? Mwambie baba yake mzima, mama yake mzima, mgongo tu unamsumbua asubuhi kukiwa na baridi, na baridi ya Zuzu mwezi huu si ya kusimuliwa kwa mtu wa Tanga. Nalala na mablanketi mawili na soksi.

Siku ile kwenye simu nilipokuambia nakuja kuvuna, uliniuliza, "Kwani huko hakuna vibarua?" Mtandao ukakatika kabla sijajibu. Vibarua wapo wifi. Tatizo ni kwamba mashamba yote ya huku yanaiva kwa wakati mmoja, kwa hiyo kijana hodari anagombewa na wenye mashamba watano, na anayemtangulizia hela ya soda ndiye anayempata. Pia baba haoni vizuri tena. Kuchuma si lazima achume yeye, lakini mtu wa kusimama kwenye mizani na daftari lazima awe wa nyumbani. Msimu uliopita kilo zilizotoka shambani na kilo zilizoandikwa hazikupatana, na hakuna aliyeweza kueleza zilipotelea wapi. Ndiyo maana nikachukua likizo yangu ya mwaka yote kwa mpigo. Bosi wangu akadhani nakwenda Zanzibar.

Nilikuja kwa treni ya umeme. Wewe hujaipanda bado, na nakuambia acha kuahirisha. Daraja la kawaida nililipa shilingi 31,000 kutoka Dar mpaka Dodoma, na safari ambayo tulikuwa tunaifanya kwa basi tangu alfajiri mpaka miguu inavimba, sasa unaimaliza kabla hujapata njaa ya pili. Huduma ya kufika Dodoma ilianza Julai 2024, na bado watu wanapiga picha dirishani. Baada ya Morogoro inaingia milima ya Kilosa, mahandaki moja baada ya jingine, masikio yanaziba, halafu ghafla umetokea Gulwe na dunia imebadilika rangi. Kijani kimekwisha. Ni udongo mwekundu, mibuyu isiyo na jani hata moja, na mbuzi wanaokula kitu ambacho wewe hukioni.

Jirani yangu kwenye kiti, mzee mmoja wa Kilosa, aliposikia nakwenda kuvuna zabibu akaniambia, "Basi usishuke Dodoma, endelea mpaka Makutupora." Watu wengi wanachanganya hapo. Makutupora inayotajwa kwenye reli mpya iko Manyoni, mkoa wa Singida. Makutupora ya zabibu iko hapa kaskazini mwa jiji la Dodoma, kwenye kituo cha utafiti cha TARI, na ndiyo iliyoipa jina zabibu unayotafuna sasa hivi. Mzee hakukubali. Tulibishana mpaka Igandu.

Stesheni mpya ya Dodoma ni kubwa, inang'aa, na nje wako akina mama na vibeseni vya zabibu. Nikacheka peke yangu. Bajaji iliyonileta Zuzu ilipita majengo ambayo Krismasi hayakuwepo. Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, maana sehemu hii inamhusu mume wako.

Sisi tuliokulia Zuzu tulikuwa tunasema "nakwenda mjini" tukienda Dodoma. Sasa Zuzu yenyewe ni kata ya Jiji la Dodoma. Unakumbuka TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie huku, ikaundwa CDA ya kuustawisha mji, na kwa miaka zaidi ya arobaini watu wakawa wanasikia kwamba serikali inakuja. Wazee wakazoea kusubiri wakaendelea na mtama wao. Kisha mwaka 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba anahama kweli, 2017 akaivunja CDA, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Tangu hapo ardhi imeanza kutembea. Juu ya vichwa vyetu zinapita nyaya za umeme mkubwa zinazoingia kituo cha kupoza umeme cha Zuzu, kile kinachotajwa kwenye taarifa ya habari kila gridi ikipata hitilafu. Jioni upepo ukitulia unazisikia zinavuma. Chini yake, kati ya mizabibu na mashamba ya uwele yaliyokwisha kuvunwa, zimepandwa bikoni za saruji zenye namba. Ukutani kwa jirani yetu wa upande wa reli kumeandikwa kwa rangi nyekundu VIWANJA VINAUZWA, na namba ya simu. Mizabibu yake alishaing'oa. Mashina yamelundikwa pembeni, mama anayatumia kama kuni.

Nitalirudia hilo. Ngoja kwanza nikupeleke shambani.

Tunaamka kukiwa bado giza. Si kwa sifa za uchapakazi: zabibu iliyochumwa ikiwa na baridi ya usiku inakaa, iliyochumwa saa sita mchana imeshaanza kuchemka kabla ya kufika kwenye lori. Mizabibu yetu imepandwa mistari, nguzo na waya, na matawi yamelazwa juu ya waya ili vichala vining'inie chini ya majani. Kwa hiyo unachuma umeinama nusu, si kusimama, si kuchuchumaa, ni ule mkao ambao mwanadamu hakuumbiwa. Mkono wa kushoto unashika kichala kwa kikonyo, wa kulia unakata kwa mkasi, kisha unakigeuza kuangalia upande wa nyuma. Punje zilizopasuka au zenye ukungu unazitoa hapo hapo kwa ncha ya mkasi. Mama ananiangalia mikono. Kuna unga mweupe juu ya ngozi ya zabibu, mwembamba, ukiugusa unafutika, na yeye hataki ufutike. Anasema mnunuzi akiona zabibu inang'aa anajua imeshikwashikwa. Kichala kinalazwa kwenye kreti, hakitupwi, na kreti halijazwi mpaka juu kwa sababu litabebeshwa jingine.

Jua likipanda wanakuja nyuki. Ukiwa na maji ya zabibu mpaka kwenye viwiko, wewe ndiye ua. Vibarua hawajali, wanaimba na kutaniana. Mimi nilifunga kanga kichwani mpaka machoni, shangazi akauliza kama nakwenda kuolewa.

Unajua kitu kilichonishangaza? Miaka yote hii sikujua kwa nini sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, halafu tena Agosti na Septemba, wakati Wafaransa na Waitaliano wenye divai yao ya karne nyingi wanavuna mara moja tu. Baba akanieleza akiwa ananoa mkasi. Kwao kuna baridi kali, mzabibu unapukutika, unalala, unaamshwa na joto la masika yao. Huku hakuna theluji ya kuulaza. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, kwa kawaida haifiki hata milimita 600, na baada ya hapo ni jua na upepo. Kinachouambia mzabibu "mwaka umeanza" ni mkasi. Ukipogoa Oktoba au Novemba unavuna Februari na Machi. Ukipogoa tena mvua inapoisha, unavuna sasa. Kalenda ya shamba letu iko mfukoni mwa baba.

Na mavuno mawili hayafanani. Ya mvua yanakuja na magonjwa, hasa ubwiri, ukichelewa na salfa umekwisha, na zabibu zake zina maji mengi. Ya kiangazi ni machache lakini matamu, ndiyo unayokula. Adui wa kiangazi ni ndege kwa juu na mchwa kwa chini. Nguzo zetu za miti, baba anasema, anawapandia mchwa. Kila msimu kuna nguzo inayoonekana nzima, ukiisukuma inaanguka na mstari wake wote wa waya.

Sasa mizani. Wewe umekulia kwenye michungwa ya Muheza, najua biashara ya matunda hunifundishi wala sikufundishi. Lakini chungwa lina ustaarabu. Bei ikiwa mbaya unaliacha mtini wiki mbili tatu, linakusubiri. Zabibu ikishafikia sukari yake inakupa siku chache, halafu inaanza kusinyaa, nyigu wanaitoboa, na ikishachumwa ni kesho au keshokutwa. Mnunuzi anajua hilo kuliko wewe. Anakuja na kifaa chake cha kupimia sukari: anaminya punje moja, tone linaangukia kwenye kioo, anakielekeza kwenye jua, anafumba jicho moja na kuchungulia. Kimya. Watu wazima na wajukuu wamesimama wanamtazama yeye anatazama tone. Akisema "sukari bado" lori linageuka.

Safari hii sukari ilikuwepo. Kilichokosekana ni nafasi. Mnunuzi mmoja aliyekuwa ameahidi tangu vichala vikiwa vibichi alipiga simu usiku, kreti tayari zimepangwa chini ya mwembe, akasema matangi yamejaa. Kampuni simtajii mtu, maana kesho tutauziana tena. Lakini nikuelezee matangi, kwa sababu bila hayo huwezi kuelewa kwa nini mkulima wa Dodoma anaweza kuwa na shamba limejaa na mfuko mtupu.

Viwanda vingi vya huku havitengenezi chupa unayoiona dukani. Vinakamua, vinachachusha na kuhifadhi mchuzi wa zabibu, ndivyo unavyoitwa, halafu vinauuza kwa makampuni makubwa ambayo ndiyo yanayoujaza kwenye chupa na kubandika nembo. Kampuni kubwa ikiona nafuu kuagiza malighafi ya nje, mchuzi wa Dodoma unabaki kwenye tangi. Tangi likiwa limejaa mchuzi wa Machi, zabibu ya Agosti haina pa kuingia. Serikali inajaribu kusaidia, divai iliyotengenezwa kwa zabibu za nchini inatozwa ushuru mdogo kuliko ya nje, lakini hilo halimsaidii mwenye kreti chini ya mwembe usiku huo. Tabia hii ya kumtegemea mnunuzi mmoja naichukia, na nimemwambia baba hivyo.

Tulifanyaje? Shangazi aliondoka na bodaboda alfajiri na ndoo kwenda kuuza Jamatini. Binamu akapeleka nyingine Sabasaba na soko la Majengo. Mimi nikakaa na simu, namba baada ya namba, mpaka nikampata mwenye kiwanda kidogo upande wa pili wa mji aliyekuwa na pipa tupu. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ahadi ya yule wa kwanza, ila alilipa papo hapo, na daftari langu na mizani yake vilipatana mpaka kilo ya mwisho. Baba aliuliza mara mbili, "Zimepatana?" Zimepatana, baba. Akaenda kulala mchana, jambo ambalo mama anasema hajalifanya tangu msimu uanze.

Zilizobaki shangazi amezianika juu ya bati anatengeneza zabibu kavu. Nimemwambia za dukani hazina mbegu, akasema meno yake hayajamlalamikia. Nitakuletea kidogo ujaribu kwenye pilau, ila waonye wageni.

Chakula? Ugali wa uwele na mlenda kila usiku, mlenda uliokaushwa, na karanga zilizotwangwa. Ulinambia kwamba mlenda wa huku unateleza mno. Ni kweli, na mwili uliochoka kutwa haubishani nao. Jumapili tulichinja jogoo kwa heshima yangu, nikapewa firigisi, nikajiona mtu mkubwa. Wazee walikuja jioni. Mmoja alikumbusha kwamba mizabibu ya kwanza waliyoiona ilikuwa ya wamisionari wa Kitaliano kule Bihawana, kwa ajili ya divai ya misa, na watoto wakiiba walikuwa wanaambiwa wameiba damu ya Yesu. Kicheko kilikuwa kikubwa. Mwingine, Mlutheri, akasema ndiyo maana yeye hakuiba.

Sasa turudi kwenye bikoni.

Mume wako alimpigia baba mwezi wa sita akamwambia auze. Najua, baba alinieleza. Na simlaumu, wifi. Nimekaa na daftari hili kama mhasibu na nimepiga hesabu kwa haki. Toa vibarua, salfa, samadi, nguzo, waya, kreti, nauli, toa na zile kilo za msimu uliopita. Ukiuza zabibu mbichi kwa mnunuzi mmoja anayetaja bei mwenyewe, kiwanja kinashinda. Kinashinda vizuri sana. Nimemwambia baba hivyo hivyo, usoni, akanyamaza, akatoka kwenda kusukumasukuma nguzo.

Lakini nimeona pia kitu ambacho kwenye simu hakionekani. Lile eneo la juu, upande wa mawe, mizabibu yake imeshakufa sehemu kubwa. Inalimwa kwa mazoea. Kule barabara imefika, kule ndiko wanunuzi wa viwanja wanakotaka, na kule hatuvuni kitu. Huku chini, karibu na korongo, udongo ni mzito, unashika unyevu mpaka Agosti, na ndiko kreti zote zilikotoka. Mtu anayeuza shamba lote anauza vitu viwili kwa bei ya kimoja. Ushauri wangu, na nimeuandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari ili mume wako ausome mwenyewe: tupime eneo la juu kwa jina la baba, kihalali, kabla mtu mwingine hajatupimia. Tuuze viwanja vichache vya huko. Hela hiyo isigawanywe, hapo ndipo patakapokuwa na vita. Iingie kwenye nguzo za chuma ambazo mchwa hawali, na kwenye kisima. Kwa inayobaki tuongee na yule mwenye kiwanda kidogo atukamulie kwa malipo, mchuzi uwe wetu, tuuze sisi tunapotaka. Zabibu haisubiri, mchuzi unasubiri.

Shangazi anakubali. Mama anakubali ila anataka mwembe usiguswe. Baba amesema hawezi kuamua jambo la ardhi mwanawe wa kiume akiwa Dar anatuma ujumbe wa sauti. Hapo mimi mtoto wa kike nimeachwa na daftari langu, na nimemeza, lakini nimeweka kumbukumbu. Hivyo nakuja kwako, wifi, maana wewe ukisema jambo ndani ya nyumba hiyo linafanyika.

Kikao cha familia kitakuwa Oktoba, kabla baba hajatoa mkasi. Mkatie mume wako tiketi ya treni ya Ijumaa na uje naye, usimtume peke yake, akija peke yake atakaa na wazee anywe chai na kurudi. Mje na masweta. Viatu vya shamba msinunue, vipo, namba nane na namba tisa. Na kreti la plastiki lililobeba zabibu hizo ni la kuazima, mlirudishe.

Wabusu watoto.

Wifi yako,
Zuzu, Dodoma